Mnunuzi wa spika za mazoezini atazame jasho, si jina

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wa Kinondoni na Temeke wanaotafuta spika za masikioni za kutumia mazoezini hawana tatizo la upatikanaji wa bidhaa hiyo. Kuanzia vibanda vya stendi ya Makumbusho na Mwenge hadi Tandika na Mbagala Rangi Tatu bidhaa imejaa, na kwa asiyeridhika, Kariakoo haiko mbali.

Tatizo lililopo ni la namna nyingine. Aina ni nyingi, majina ni mengi, maneno ya wauzaji ni mengi zaidi, na sehemu kubwa ya bidhaa iliyopo haikutengenezwa kwa ajili ya jasho la mtu anayenyanyua vyuma katika joto la Dar es Salaam.

Hilo si jambo dogo kwa mfuko wa mlaji. Redio ikiharibika hupelekwa kwa fundi. Simu ikivunjika kioo, fundi yupo na kioo kipo. Spika ndogo isiyo na waya ikifa, aghalabu imekufa: imegundishwa kwa gundi, haifunguki bila kuvunjika, na kipuri chake hakiuzwi kibandani. Fedha iliyolipwa imekwenda.

Makala haya yanatazama mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyapima kabla ya kufungua pochi. Yote yanaelekea kwenye jambo moja: bei ya kweli ya spika za mazoezini si ile inayolipwa siku ya kununua, bali ni ile inayobaki baada ya kuigawa fedha hiyo kwa idadi ya miezi ambayo spika zimedumu.

Soko lilivyo

Biashara ya kusikiliza muziki ukiwa mwendoni si ngeni. Kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman yake ya kwanza mwaka 1979, na kwa miaka mingi baadaye kijana aliyekimbia na muziki alikuwa na kaseti kiunoni na waya hadi masikioni.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2016. Mwaka huo kampuni ya Apple ya Marekani iliondoa tundu la waya wa spika katika simu yake ya iPhone 7, na mwezi Desemba ikaanza kuuza AirPods, spika mbili zisizo na waya hata wa kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe. Wengine wote wakafuata. Leo mitaani jina la AirPods limekuwa kama jina la bidhaa yenyewe, hata kwa spika ambazo hazina uhusiano wowote na kampuni hiyo.

Kwa soko la Tanzania, jina jingine lenye uzito ni Oraimo. Hii ni chapa ya vifaa vya simu ya kundi la Transsion la China, ambalo ndilo linalotengeneza pia simu za TECNO, Infinix na itel. Kundi hilo lilijijenga kwa kuuza simu za bei nafuu barani Afrika, na mwaka 2019 liliingia katika soko la hisa la Shanghai. Kwa kuwa wenye simu zake ni wengi, vifaa vyake navyo vimeenea hadi vibanda vya pembezoni mwa jiji.

Sehemu kubwa ya spika hizi hutoka China, hasa mji wa Shenzhen, ambako eneo la Huaqiangbei linajulikana duniani kwa kuuza vifaa vya elektroniki vya kila daraja, halisi na bandia. Zikishafika bandarini huenda Kariakoo, na kutoka maduka ya jumla ya huko husambaa kwa wenye vibanda na machinga wa Kinondoni, Temeke na kwingineko.

Katika kila hatua ya safari hiyo kuna faida inayoongezwa. Mnunuzi anayekwenda Kariakoo na kupokelewa na winga anapaswa kukumbuka kuwa winga naye anakula hapo hapo. Kwa hiyo bidhaa ya Kariakoo si lazima iwe rahisi kuliko ya Tandika, hasa ukijumlisha nauli na nusu siku iliyopotea.

Adui wa kwanza ni jasho

Mtu anayenunua spika za kusikilizia redio akiwa kwenye daladala anaweza kutazama sauti na bei tu. Wa mazoezini hawezi. Kumbi nyingi za mazoezi za mitaani hazina viyoyozi. Ni ua uliofunikwa mabati, vyuma vimepangwa ukutani, na feni moja au mbili zinazosukuma hewa ile ile ya joto. Katika miezi ya Desemba hadi Machi, mtu akimaliza nusu saa fulana yake inakamulika.

Jasho si maji matupu. Lina chumvi, na chumvi hula chuma. Kwenye spika zisizo na waya, sehemu inayoathirika mapema ni vile vidoa vya chuma vinavyopokea umeme ndani ya kikasha cha chaji. Vikishika kutu au uchafu, spika moja huacha kuchaji huku nyingine ikiendelea, na mwenye nayo hudhani betri imekufa.

Kwenye spika za waya, jasho huteremka na waya hadi kwenye kitufe chenye maikrofoni. Kitufe kikiingia maji, simu huanza kupiga au kusimamisha muziki yenyewe. Wengi hudhani simu imepata virusi, kumbe ni chumvi.

Jasho pia huingia kwenye wavu mdogo wa kutolea sauti, likachanganyika na nta ya sikio. Sauti hupungua upande mmoja taratibu, hadi siku mteja anapoamua kutupa spika ambayo pengine ilihitaji kusafishwa tu.

Namna ya kusoma alama ya IP

Njia ya haki ya kulinganisha spika mbili kwa habari ya maji ni alama ya IP, ambayo hufuata kiwango cha kimataifa namba 60529 cha Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC. Alama hiyo huwa na nafasi mbili. Ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. Ikiandikwa herufi X badala ya tarakimu, maana yake ni kuwa kipengele hicho hakikupewa daraja.

IPX2 inamaanisha matone machache yanayodondoka kutoka juu. IPX4 ni maji ya kurushiwa kutoka kila upande. IPX5 ni maji yanayotoka kwa msukumo wa bomba dogo. IPX7 ni kuzamishwa katika maji ya kina cha hadi mita moja kwa dakika 30.

Kwa mazoezi ya ndani katika hali ya hewa yetu, IPX4 ndiyo iwe daraja la chini kabisa. Anayetoka jasho sana, au anayekimbia hata mvua ikinyesha, atafute IPX5 na kuendelea.

Jina kubwa la kampuni halimhakikishii mteja daraja hilo. Kampuni ya Samsung ilitoa Galaxy Buds2 mwaka 2021 na Galaxy Buds FE mwaka 2023, zote zikiwa na IPX2. Katikati ya hizo, mwaka 2022, ilitoa Galaxy Buds2 Pro yenye IPX7. Kampuni ni moja, lakini moja inafaa ofisini na nyingine inafaa ukumbini. Anayenunua kwa kutamka jina la Samsung peke yake anaweza kuondoka na isiyomfaa.

Apple nayo ilikuwa hivyo hivyo. AirPods Pro za kizazi cha pili zilitoka mwaka 2022 zikiwa na IPX4. Mwaka 2023 toleo lenye tundu la USB-C lilipewa IP54, yaani kinga ya vumbi ikaongezwa. Kwa anayekimbia pembeni mwa barabara za vumbi za Yombo au Bunju, tofauti hiyo ina maana.

Kuna tahadhari tatu ambazo wauzaji hawazitaji. Kwanza, vipimo hivyo hufanywa kwa maji safi, si kwa jasho la chumvi. Pili, kinga hiyo hupungua kadiri spika zinavyotumika na kuanguka. Tatu, alama iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya spika zenyewe, si ya kikasha cha chaji. Anayerudisha spika zenye jasho ndani ya kikasha bila kuzifuta anakiua kikasha kwa mkono wake.

Neno "waterproof" lililochapwa kwa herufi kubwa bila tarakimu yoyote ya IP lisihesabiwe kuwa ni daraja. Hilo ni tangazo.

Spika isiyokaa haifai

Baada ya jasho linafuata suala la kukaa sikioni. Masikio ya watu hayalingani, na hata ya mtu mmoja huweza kutofautiana kushoto na kulia. Ndiyo maana spika nzuri za kuingia ndani ya sikio huja na vimpira vya ukubwa usiopungua mitatu.

Mnunuzi wengi hutumia vile vilivyofungwa kiwandani na kuvitupa vingine pamoja na boksi. Hilo ni kosa la gharama. Kimpira kidogo kuliko sikio huachia upenyo, na upenyo ukiwepo sauti nzito za besi hupotea. Mteja husema spika hazina besi, akaongeza sauti hadi mwisho, akaumiza masikio, kumbe dawa ilikuwa ndani ya mfuko mdogo wa nailoni aliouacha dukani.

Kipimo cha kukaa ni rahisi na hakihitaji kifaa. Vaa spika, tikisa kichwa, ruka mara kumi, kisha inama kama mtu anayeokota chuma. Mwisho fungua na kufunga mdomo kama anayetafuna, kwa sababu taya likisogea njia ya sikio nayo hubadilika umbo. Spika iliyobaki mahali pake baada ya hapo itabaki na ukumbini.

Kwa wanaokimbia na kuruka kamba, zipo spika zenye ndoano inayopita nyuma ya sikio, kama zile za Beats zinazoitwa Powerbeats Pro zilizotoka mwaka 2019. Zipo pia za bei ya chini zenye umbo hilo hilo kutoka kampuni nyingine. Ndoano haiongezi sauti, lakini inazuia hasara ya kupoteza spika moja, ambayo kwa kawaida ni sawa na kupoteza zote mbili.

Waya, za shingoni, au zisizo na waya kabisa

Spika za waya hazijafa, na kwa mwenye kipato kidogo zisidharauliwe. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa nchini bado zina tundu la milimita 3.5. Spika za waya hazina betri ya kuchoka, hazihitaji chaji wakati umeme umekatika, na waya ukikatika karibu na kichomeo fundi simu anaweza kuulehemu. Ubaya wake unajulikana: waya hunasa kwenye chuma, na simu lazima iwe mwilini.

Aina ya pili ni zile za shingoni, zinazotumia Bluetooth lakini spika zake mbili zimeunganishwa kwa utepe unaokaa shingoni. Hizi hazitajwi sana kwenye matangazo siku hizi, lakini kwa jimu zina faida kadhaa. Betri yake hukaa kwenye utepe, hivyo huwa kubwa zaidi. Spika ikitoka sikioni inaning'inia, haianguki kwenye sakafu ya saruji. Tena ni vigumu kupoteza moja. Kasoro yake huonekana pale mtu anapolala chali kwenye benchi ya kunyanyulia vyuma, kwani utepe hubanwa kisogoni, na wakati wa kukimbia hurukaruka.

Aina ya tatu ni zile zisizo na waya kabisa. Ndizo zenye uhuru mkubwa, na ndizo zenye hatari kubwa ya kupotea, kubadilishana kimakosa na za jirani, au kuanguka chini ya mashine. Aliyezichagua hizi ajiwekee desturi moja: zikitoka sikioni ziende ndani ya kikasha, zisiwekwe benchini wala mfukoni.

Saa za betri zisikudanganye

Muuzaji atasema spika hizi hukaa na chaji saa 30. Mara nyingi hesabu hiyo imejumlisha chaji ya kikasha. Spika zenyewe, zikiwa sikioni bila kurudishwa, kwa kawaida hukaa saa chache tu. Kwa mazoezi ya saa moja au mbili hizo zinatosha, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipa zaidi kwa ajili ya tarakimu kubwa kwenye boksi.

Kinachostahili kuulizwa ni uhai wa betri. Betri za lithiamu huchoka kila zinapochajiwa na kutumika, na ya spika ni ndogo mno. Hata spika halisi na nzuri, ikitumika kila siku, baada ya miaka miwili au mitatu itakuwa imepungukiwa. Mnunuzi wa spika zilizotumika, ambazo nazo ziko sokoni, ananunua betri iliyokwisha kutembea. Azitumie kwa muda wa kutosha mbele ya muuzaji kabla ya kulipa, na asilipe kama mpya.

Bandia imejaa

Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchini. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu kila simu ina namba ya IMEI inayoonekana kwenye mtandao. Spika za masikioni hazina namba hiyo. Hakuna mtambo wa serikali unaoweza kuzizima. Anayeweza kuzikataa ni mnunuzi peke yake, akiwa bado na fedha mkononi.

Ziko bandia za aina mbili. Ya kwanza ni ile isiyojificha: boksi lina jina linalokaribiana na la kampuni kubwa, herufi moja imebadilishwa, na bei inasema yote. Mnunuzi anajua anachonunua. Ya pili ndiyo ya hatari, yaani nakala inayofanana na halisi kwa boksi, umbo na hata namba ya usajili, ikauzwa kwa bei iliyo chini kidogo tu ya ile ya halisi. Hapo mlaji anatozwa fedha ya jina na kupewa kitu kisicho na kinga ya maji wala dhamana.

Kwa bidhaa za Apple kuna kipimo kizuri cha hapo hapo dukani. Simu ya iPhone yenye programu ya iOS 16, iliyotoka mwaka 2022, au ya baadaye, hutoa onyo pale inaposhindwa kuthibitisha kuwa AirPods zinazounganishwa ni halisi. Asiye na simu hiyo aende na rafiki aliye nayo. Kuangalia namba ya usajili peke yake hakutoshi, kwa sababu watengenezaji wa bandia huchapa namba zilizonakiliwa kutoka kwa bidhaa halisi.

Kwa chapa nyingine, uliza dhamana inatekelezwa wapi. Kundi la Transsion, kwa mfano, lina huduma yake ya baada ya mauzo iitwayo Carlcare. Muuzaji anayesema bidhaa ina dhamana lakini hawezi kutaja ofisi wala kuandika risiti, dhamana yake inaishia mlangoni.

Risiti ndiyo silaha ya mlaji. Sheria inamtaka muuzaji mwenye mashine ya EFD kutoa risiti na mnunuzi kuidai. Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ina jukumu la kumlinda mlaji na kupambana na bidhaa bandia, lakini malalamiko yasiyo na karatasi ni mepesi kama upepo. Anayenunua kwa machinga anayetembea ajue kuwa amenunua bila karatasi, na bei yake iakisi hivyo.

Hesabu ya mwezi

Tuchukue mfano. Tarakimu zifuatazo si bei za soko, ni za kufundishia tu, na kila mmoja anaweza kuweka zake.

Tuseme mteja wa kwanza amenunua spika zisizo na waya za Sh. 15,000, jasho likaziua baada ya miezi mitatu. Amelipa Sh. 5,000 kwa mwezi. Mteja wa pili amenunua zenye IPX5 na risiti kwa Sh. 60,000, zikadumu miezi 18. Amelipa kama Sh. 3,330 kwa mwezi. Mteja wa tatu amenunua za waya kwa Sh. 5,000, zikadumu miezi miwili. Amelipa Sh. 2,500 kwa mwezi. Mteja wa nne amenunua bandia yenye jina kubwa kwa Sh. 45,000, ikadumu miezi minne. Amelipa Sh. 11,250 kwa mwezi.

Hesabu hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni kuwa aliyepata hasara kubwa si yule wa spika rahisi wala wa spika ghali, bali ni yule wa katikati aliyenunua jina la kuigiza. La pili ni kuwa asiye na Sh. 60,000 kwa mkupuo halazimiki kuingia kwenye spika zisizo na waya za daraja la chini. Akae na za waya, aweke akiba kidogo kidogo, kisha apande daraja moja kwa moja.

Mwenye jimu naye anaweza kuifanya hesabu hiyo kuwa biashara. Katika ukumbi wenye wanachama wa kudumu, kuuza vimpira vya akiba na spika chache zenye daraja linalojulikana ni huduma ambayo mteja hataipata barabarani. Tena muuzaji huyo anaonekana kila siku, jambo ambalo ni dhamana bora kuliko maneno yaliyo kwenye boksi.

Masikio hayana kipuri

Hasara ya spika hulipika. Ya masikio hailipiki. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza kuwa mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sauti ikipanda hadi desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa nne kwa wiki. Ikifika desibeli 100, zimebaki dakika 20 tu kwa wiki nzima.

Mtu anayefanya mazoezi saa moja kwa siku tano amesikiliza saa tano. Kwa desibeli 90 tayari amevuka mpaka, kabla hatujahesabu daladala na nyumbani. Na wengi hufika huko kwa sababu ukumbi wenyewe una spika kubwa zinazopiga muziki wake, hivyo kila mmoja hupandisha yake ili aushinde.

Hapa ndipo kimpira kinachokaa vizuri kinapolipa mara ya pili. Kinazuia kelele za nje, na muziki husikika vizuri kwa sauti ndogo. Anayepaswa kupandisha sauti hadi karibu na mwisho ndipo asikie, spika hizo hazimkai au hazimfai.

Barabarani hali ni kinyume. Vikundi vya mbio za pole vya Temeke na Kinondoni huingia barabarani alfajiri za Jumamosi na Jumapili, na wapo wanaokimbia peke yao pembeni mwa Kilwa Road au Bagamoyo Road. Kwao, spika inayoziba sikio kabisa au yenye mtambo wa kufuta kelele ni hatari, kwani honi ya bodaboda haitasikika. Wavae moja tu, au watumie zile zinazoacha sikio wazi. Kampuni ya Shokz imejijengea jina kwa spika zinazopitisha sauti kwenye mfupa wa mbele ya sikio bila kuliziba.

Usafi nao ni sehemu ya matunzo. Sikio lililozibwa likiwa na unyevu ni shamba la fangasi. Spika zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi, vimpira vitolewe na kuoshwa kisha vikaushwe, na spika zisiazimwe.

Kabla ya kulipa

Kwa ufupi, mnunuzi aliyesimama mbele ya kibanda ayafanye haya kwa utaratibu huu:

1. Asome tarakimu ya IP. Isipokuwepo, ahesabu kuwa hakuna kinga.

2. Ahesabu vimpira vilivyomo na kuvijaribu vyote, kisha aruke na kuinama.

3. Aunganishe na simu yake mwenyewe, si ya muuzaji. Asikilize kushoto, kisha kulia, kisha apige simu ili maikrofoni ijulikane.

4. Aache simu kaunta na kutembea hatua kumi. Sauti ikikatika katika umbali huo bila kizuizi, hiyo haifai.

5. Arudishe spika zote mbili kikashani na kuhakikisha zote zinaonyesha kuchaji.

6. Aulize dhamana ni ya muda gani, inatekelezwa ofisi gani, na adai risiti.

7. Agawe bei kwa miezi anayotarajia, alinganishe na ya jirani.

Muuzaji anayekataa boksi lifunguliwe kabla ya malipo amekwisha kujibu maswali yote saba. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la spika za masikioni vyote viwili vinatembezwa, na anayevitenganisha ni mnunuzi mwenyewe, kwa macho, kwa sikio na kwa hesabu yake ya mwezi.